Mwenye Kete Chache na Mwendo wa Tirikeza

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, nchi ambayo mji wake wa Tabora leo umekienea Kitete na vitongoji jirani, ilikuwa na mwendo wa namna ya pekee ulioitwa tirikeza. Wapagazi walipika na kula karibu na maji, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka alasiri jua likingali kali. Usiku walilala porini pasipo na kisima, na alfajiri wakaendelea hadi maji mengine. Mgeni aliyeyaona hayo katika Mgunda Mkali, lile pori kavu lililotenga Ugogo na Unyanyembe, angeweza kuyaita wazimu: kuyaacha maji saa ya joto ili kwenda mahali yasipo!

Lakini kirangozi alikuwa amepiga hesabu. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, naye alikila kibaba hicho ama ametembea ama amekaa kivulini. Kwa hiyo kukaa hakukuwa salama. Kulikuwa kupoteza polepole.

Hesabu hiyohiyo yaonekana wazi katika mashindano ya karata yaitwayo poka. Kila mchezaji huanza na kete sawa, na aliyeishiwa hutoka. Kuna dau la lazima ambalo hulipwa kwa zamu, hata na asiyependa karata zake, na dau hilo hupandishwa kila baada ya muda. Mwenye kete 9,000, ambaye kila mzunguko wa meza wamtoza 1,500, amebakiwa na mizunguko sita tu, na pengine pungufu. Yeye hachagui tena kati ya hatari na usalama. Anachagua wakati wa kuikabili hatari.

Akiweka kete zote mapema, ana njia mbili za kupona: wenzake waogope na kutupa karata zao, au wamkubalie naye ashinde. Ichukuliwe kwamba wataogopa mara 60 katika 100, na kwamba wakimkubalia atashinda mara 35 katika 100. Basi hupona mara 60, na kati ya zile 40 zilizosalia huongeza 14. Jumla ni 74 katika 100. Akingoja hadi abakiwe na kete 1,500, hakuna atakayemwogopa, kwa maana kumkubalia ni rahisi mno. Hapo imebaki ile 35 peke yake. Karata ni zilezile; kilichopotea ni hofu ya wenzake, nayo ilikuwa mali.

Kwa nini basi wengi hungoja? Kwa sababu dau la lazima huuma kidogokidogo, na kutolewa mchezoni huuma mara moja. Watu hulelewa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba, ambayo ni kweli kabisa kwa kibaba kisichovuja. Upande wa pili yupo aliyepoteza nyingi dakika chache zilizopita, akarusha zilizobaki kwa hasira. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu aliyekabiliwa na hasara hupenda kubahatisha kuliko anapokabiliwa na faida. Kwa nje huyo hafanani sana na mwenye hesabu, wala kirangozi hafanani na mpagazi aliyekimbilia porini kwa kiu, ingawa wote wameyaacha maji.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu, maana mwanafunzi mwerevu ataichukua hoja hii kwenye kibanda cha kamari ya mpira. Haimfai huko. Kijana mwenye shilingi 2,000 mfukoni hatozwi na mtu dau la lazima. Kibaba chake hakivuji mpaka akitoboe mwenyewe. Tena katika kamari hizo mwenye kibanda amekwisha kujikatia sehemu yake ndani ya malipo, hata kurudia mara nyingi humzidishia mchezaji hasara. Tirikeza ilikuwa na maji mbele yake.

Uwezekano hufundishwa mno kwa sarafu na dadu, vitu visivyo na njaa wala kiu. Darasa la Kitete, lililo kwenye njia yenyewe ya misafara, lingeweza kupewa hesabu hii: watu 60 wana vibaba 300, na mbele kuna mwendo wa siku nne. Chakula chatosha siku tano, yaani wanaweza kupumzika siku moja kwenye maji. Usiku mpagazi mmoja anatoroka na mzigo wa vibaba 40. Wamebaki watu 59 na vibaba 260, visivyofika siku nne na nusu. Ile siku ya kupumzika haipo tena, na jua bado halijachomoza.