Stendi Imehamishwa, Nauli Tumeachiwa Sisi

Sisi wa Manzese, Kibo, Sinza, Tandika na Mbagala tuna neno na wanaopanga jiji hili. Tumelisema sana: kwenye foleni, kwenye siti ya nyuma ya daladala, kwenye benchi la mama ntilie. Kila stendi ya Dar es Salaam inapohamishwa inasogezwa mbali na sisi, na kiwanja inachokiacha hakirudi mikononi mwetu. Mfano mkubwa ni Ubungo, na Ubungo tunaijua.

Kabla ya stendi, Ubungo ilikuwa ya viwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1960. Kikaja kiwanda cha zana za kilimo, na cha maziwa ambacho jina lake limebaki kwenye mtaa hadi leo. Wafanyakazi walihitaji usafiri. Mabasi yalikuwa ya kampuni ya DMT, na kuanzia 1974 yakawa ya shirika la UDA. Walioyapanda bado wanayataja yale Ikarus marefu ya kujikunja katikati, kumbakumba, na jinsi watu walivyoning'inia milangoni. UDA ilipozidiwa, mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na daladala zikaingia barabarani.

Safari za mikoani wakati huo zilianzia mjini, Kisutu na Mnazi Mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabasi yakatolewa katikati ya jiji na kuletwa Ubungo. Waliozoea kupandia Kisutu waliona wamepelekwa mbali. Lakini Ubungo ilikuwa njia panda: Barabara ya Morogoro inapita hapo, Mandela inatoka bandarini na Buguruni, Sam Nujoma inakuja kutoka Mwenge. Mtu wa Temeke alifika kwa gari moja. Mtu wa Kawe alifika. Wa Magomeni alifika hata kwa miguu, akiwa na nguvu na begi jepesi.

Kwa zaidi ya miaka 20 nchi nzima ilipita hapo. Mabasi yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo karibu yote ya masafa marefu yaliondoka alfajiri. Saa 12 kamili uwanja ulikuwa unatetemeka kwa injini. Aliyekaa mbali alilala gesti ya Manzese au Shekilango, au alikesha kwenye viti vya stendi na mizigo yake miguuni. Hapo ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu walipokelewa na wajomba zao. Hapo mahindi ya Iringa na mchele wa Kyela vilishushwa kwenye buti vikiwa vimeandikwa jina na namba ya simu. Hapo misiba ilisafiri: kundi la watu wenye kanga, limekodi basi, linasubiri mtu mmoja wa mwisho.

Hatuisifii bure. Ubungo ilikuwa chafu. Mvua ikinyesha tuliruka madimbwi. Wapiga debe walitunyang'anya mabegi ili tupande basi lao, tiketi feki ziliuzwa mchana kweupe, na aliyemsindikiza mama yake alilipishwa getini. Tulilalamika miaka yote, na tulichoomba ni stendi itengenezwe. Hakuna mtu wa Manzese aliyeomba ipelekwe Mbezi.

Imemegwa kidogokidogo. Kwanza ulikuja mradi wa mabasi yaendayo haraka, uliojengwa kati ya 2012 na 2015, nao ukachukua sehemu ya eneo. Mwaka 2014 daladala za Ubungo zikahamishiwa Sinza, kituo cha Simu 2000. Mwaka huohuo za Mwenge zikapelekwa Makumbusho. Kila mara tuliambiwa ni kwa ajili ya kupunguza msongamano, na msongamano kweli ulikuwepo. Kisha tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli akazindua stendi kuu mpya ya Mbezi Luis iliyopewa jina lake, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 50. Siku hiyohiyo alizindua barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi John Kijazi. Kwa hiyo njia panda yetu ilipata madaraja mazuri ya kupitisha magari mara tu stendi iliyokuwa inatuleta pale ilipoondolewa.

Stendi ya Mbezi ni nzuri, tuseme ukweli. Ina paa, ina nafasi, ina mahali pa kukaa mzee. Aliyetoka Kibaha au Kibamba anashukuru, na ana haki ya kushukuru. Sisi wengine tupige hesabu. Kutoka Ubungo hadi Mbezi Luis ni zaidi ya kilomita 10 kuelekea nje ya jiji. Mama wa Mbagala mwenye watoto wawili na gunia la nazi, anayekwenda Singida kuuguza, anapanda gari la kwanza, anashuka, anapanda la pili, na kama ni usiku anamalizia kwa bajaji ambayo dereva anataja bei akishaona mzigo. Nauli ya kuvuka jiji lake mwenyewe inaanza kukaribia nusu ya nauli ya kwenda mkoani. Gharama hiyo haimo kwenye zile bilioni za ujenzi. Inalipwa kila siku, kidogokidogo, kutoka kwenye mikoba yetu, na kwa sababu hailipwi kwa hundi moja hakuna anayeiandika.

Ushahidi kwamba mpango haukutufaa uko Shekilango. Ofisi za mabasi zimebaki huko, na abiria tumebaki nazo. Tunasimama pembeni ya barabara na mabegi, hakuna paa, hakuna choo cha maana, watoto wamelala juu ya mizigo, basi likifika tunakimbilia mlango magari yakipita mgongoni. Watu hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wanafanya hivyo kwa sababu ndipo panapofikika. Jiji lina stendi kubwa ya kisasa, na sehemu ya abiria wake wanapandia mtaani.

Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Tulifurahi. Lakini maana yake ni kwamba sasa basi linaweza kukushusha Mbezi saa 8 usiku, nawe unakaa Chamazi. Unafanyaje? Wengi wanakaa stendi wakisubiri kupambazuke, kama enzi za Ubungo, tofauti ni kwamba kukipambazuka bado wana safari nyingine mbele yao.

Na waliokuwa wakiishi kwa stendi ile? Muuza chai wa saa 10 alfajiri, wabeba mizigo, wauza maji na biskuti za dirishani, wenye vibanda vya simu, gesti ndogondogo za nyuma ya Shekilango. Wapo waliofuata mabasi Mbezi wakakuta vizimba vina kodi wasiyoiweza. Wapo walioacha. Waliopanga walihesabu mabasi na walihesabu vyumba vya maduka. Muuza chai hakuwa na safu yake kwenye jedwali.

Sasa pale uwanjani kuna kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki, kilichojengwa kwa ubia na Wachina na kuzinduliwa Agosti 2025, chenye maduka zaidi ya 2,000. Hatupingi biashara, sisi wenyewe ni wachuuzi. Tunachouliza ni kwa nini ardhi iliyokuwa ya abiria, kwenye makutano bora kuliko yote ya magharibi mwa jiji, ilionekana inafaa kwa chochote isipokuwa abiria. Ghorofa la maduka lingeweza kukaa juu ya stendi. Kiwanja kile kilikuwa mali ya umma, na hakuna mkutano wa mtaa tunaoukumbuka ambao tuliulizwa tunataka kiwe nini.

Hakuna hata kibao. Ukipita pale leo na mtoto aliyezaliwa 2019, huna cha kumwonyesha kwamba nchi nzima ilikuwa inapishana hapa. Picha zimebaki kwenye simu za watu. Kumbukumbu za mabasi ya mwanzo, za UDA, za Kisutu, zimo vichwani mwa makondakta wazee, na wanazeeka.

Na Simu 2000 yenyewe, kule tulikopelekwa mwaka 2014, haikutulia. Julai 2024 wafanyabiashara wa pale waligoma walipoona eneo linatakiwa kutolewa kwa ajili ya karakana ya mabasi yaendayo haraka. Walikuwa wamehamishwa mara moja, wameanza upya, wamezoeleka. Tunayahitaji mabasi hayo, na karakana lazima ikae mahali. Basi safari hii hesabu ifanywe hadharani kabla ya mtu kufungasha: daladala za Sinza zitapakia wapi, abiria wa Temeke atafika kwa magari mangapi na kwa shilingi ngapi, muuza chai atapewa kizimba kipi na kwa kodi gani. Majibu yabandikwe ukutani pale pale stendi, tuyasome tukisubiri gari.