Mwalimu wa Kwaya Anapohamishwa

Ndugu msomaji, barua iliyonifikia juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Kamenge, hapa Bujumbura, mke wa askari polisi. Nimeisoma mara mbili, na kwa idhini yake naieleza hapa bila kulitaja jina lake wala la kanisa lake.

Mwanawe ana umri wa miaka 16. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akikaa kando ya mwalimu wa kwaya, ambaye naye ni askari, akimtazama apigavyo kinanda na kumgeuzia kurasa za daftari la nyimbo. Mwezi uliopita mwalimu yule alipata amri ya uhamisho kwenda mikoani, akaondoka baada ya siku nne. Jumapili iliyofuata kijana alisukumwa mbele ya kinanda. Nyimbo tatu alizimudu. Wa nne ulimshinda katikati, sauti zikatawanyika, na mzee mmoja wa kanisa akamwambia mbele ya watu wote ainuke, aache kuwaaibisha. Tangu siku ile kijana hajaenda mazoezini. Sasa jirani mmoja, mwenye bendi ipigayo kwenye arusi na katika baa za Bwiza, amemwahidi ujira. Mama auliza: amzuie mwanawe, au amwache aende?

Kwa jamaa za askari, habari za uhamisho hazihitaji maelezo marefu. Kuanzia Desemba 2007, askari wa Burundi walipotumwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, zamu kwa zamu kwa miaka zaidi ya 15, nyumba nyingi zilijifunza kuishi bila baba kwa kipindi kirefu. Mke alijua fedha za karo ziko wapi, mtoto mkubwa alijua kazi za nyumbani zinazompasa. Nani aliyefikiri juu ya kwaya? Mwalimu wa kwaya akiondoka, aghalabu huondoka na kwaya nzima kichwani mwake.

Mzee aliyemkemea kijana amekosa, wala sitafuti maneno ya kumtetea. Lakini kosa la kwanza lilitendwa zamani kidogo, na aliyelitenda ni mwalimu mwenyewe, mtu mwema asiye na nia mbaya. Miaka miwili ya kugeuza kurasa humfundisha mtoto kugeuza kurasa.

Nalisema hili kwa aibu, kwa kuwa mimi nami nilifanya vivyo hivyo. Nina cheti cha ualimu, ingawa riziki yangu naipata ofisini, na jioni hufundisha kwaya ya vijana. Palikuwa na binti wa miaka 14 aliyeniomba kwa muda wa miezi minne nimwonyeshe namna ya kuianzisha kwaya. Kila mara nilimjibu, “Subiri kwanza, mwanangu.” Kisha malaria ikanilaza majuma mawili. Kwaya ilikusanyika, vitabu wanavyo, maneno wanayajua. Lakini noti ya kuanzia hakuna aliyeijua, maana nilikuwa nikiitoa mwenyewe kwa kinywa bila kuiandika popote. Wakaanza juu mno, hata wasichana wa sauti ya kwanza wakawa wanapiga kelele na wanaume wakanyamaza kabisa. Habari hizi nililetewa kitandani. Nami, ndugu msomaji, nilifurahi kidogo moyoni kwamba wamenikosa. Ilinichukua siku kadhaa kuitambua furaha ile kuwa ni ugonjwa wa pili.

Wazee wa ngoma wa nchi hii wana busara ambayo sisi wa makwaya tumeipuuza. Pale Gishora, karibu na Gitega, na katika vilima vingine, ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake daima ikiwa witiri, na katikati huwekwa inkiranya iongozayo. Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata mwendo uwekwao na inkiranya. Wapigaji hupokezana: mmoja hutoka safuni, akaja kati, akapiga na kucheza, kisha akarudi na mwenzake akashika nafasi. Hakuna amilikiye mahali pa katikati. Mtoto huyajifunza haya kwa kuyatenda, akiwa pamoja na baba na ndugu zake. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu, na kwangu zamu ile ya katikati yastahili sifa kama mirindimo yenyewe.

Basi mwalimu wa kwaya afanyeje? Nitaeleza yale niliyoyajaribu tangu nilipopona, bila kudai kwamba yote yamefaulu.

Binti yule nilimpa wimbo mmoja uwe wake, tangu noti ya kuanzia hadi ya mwisho. Sikumpa Jumapili ya sikukuu, wakati kanisa limejaa hadi nje, bali ibada ya katikati ya juma, yenye watu 30 au 40. Mimi niliketi kiti cha nyuma kabisa. Alipokosea nilijizuia nisiinuke, na kujizuia huko kulinitoa jasho. Marekebisho nilimpa kesho yake, sisi na dada yake aliyemsindikiza, na nilianza na lile alilolifanya vizuri. Baada ya mwezi nikampa wa pili. Noti za kuanzia sasa zimeandikwa kwa penseli juu ya kila wimbo, katika daftari likaalo kabatini, si mfukoni mwangu.

Jambo jingine ni umeme. Kila mkazi wa Bujumbura anajua kwamba umeme hukatika bila kuaga. Kinanda kikizimika, kijana aliyefundishwa vidole tu huketi kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo naanza na kinywa: do, re, mi, fa, mpaka mtoto aweze kuimba sauti zote nne za wimbo, moja baada ya nyingine, ndipo aguse kinanda. Kazi hii ni ya polepole na vijana huinung’unikia. Lakini aliyeimba sauti ya nne kwa koo lake hujua mahali wanaume wanapovuta pumzi, naye hatawakimbiza.

Hapo ndipo ugumu wa kuwafundisha vijana wenye kipaji. Kipaji hutaka kusikika. Kijana akishajua mapambo matano ya kinanda atayatia yote matano katika ubeti mmoja, na bibi kizee aliyekuja kuimba atafunga kitabu chake. Kumwambia “punguza” hakutoshi. Namtoa kwenye kinanda, namketisha katikati ya waumini ibada nzima, kisha namwuliza amesikia nani akiimba na nani amenyamaza. Kanisa Katoliki lilisema neno hilihili katika waraka wake wa Machi 1967 juu ya muziki mtakatifu: mpiga kinanda asiwe na ustadi wa chombo tu, bali aingie katika roho ya ibada anayoitumikia. Ndugu zetu wa madhehebu mengine nadhani hawatapinga.

Kijana naye ana haki ya kuelezwa sababu. Akiuliza kwa nini hili lakatazwa na lile laruhusiwa, asijibiwe “ndivyo ilivyo”. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza piano na ngoma makanisani. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa jadi wa mataifa uheshimiwe katika ibada. Mtoto aliyeelezwa habari hizo hufahamu kwamba sheria za muziki zina historia, naye hujifunza kutii bila kudharau na kuuliza bila kiburi.

Kwa wazazi nina neno fupi. Mazoezi yaishe kabla ya giza, mlango uwe wazi, na binti asibaki peke yake na mwalimu yeyote, hata mimi. Mwalimu mwema hatachukizwa na mzazi anayekuja kuketi na kusikiliza.

Sasa nirudi kwa mama wa Kamenge. Juu ya bendi ya jirani, sitamhukumu mtu apataye riziki kwa gitaa au kinanda. Arusi zetu zingekuwaje bila wao? Lakini baa usiku si mahali pa mtoto wa miaka 16 aliye shuleni, na hilo mzazi aliseme waziwazi bila kuukashifu muziki wenyewe. Upande wa pili, kanisa nalo lijipime. Mwaka 2024, petroli ilipokuwa adimu na mabasi machache, nimeona vijana wakitembea kutoka mazoezini hadi Musaga kwa miguu, vyombo begani, wala hakuna aliyewauliza wamekula nini. Ujira wa jirani huanza kung’aa hapo. Nauli na kikombe cha chai haviwezi kulifilisi kanisa lolote.

Amwombe mzee mwingine, anayeheshimiwa na yule wa kwanza, wakae pamoja na kijana yamalizike faraghani. Kisha arudi na zile nyimbo tatu anazozimudu, kwaya iimbe hizo tatu tu kwa mwezi mzima, hata kama waumini watazichoka.

Kwa nambari aliyonipa mama, nimempata kwa simu mwalimu aliyehamishwa. Alinyamaza kitambo kirefu niliposimulia. Kisha akaniambia kwamba wimbo wa nne kijana anaujua. Kinachomkwaza ni mahali pa kupumua kabla ya ubeti wa pili, na yeye hakuwahi kumwonyesha. Ameahidi kuurekodi kwa simu yake na kuutuma kabla ya Jumamosi.