Harambe ya Florida na miembe ya Tongoni

JICHO LA NJIANI
Na Ramazani Kitenge, Wamaza

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, liliingia Kasongo, mji wetu wa Maniema mashariki mwa Kongo. Wazungu walikuwa wachache. Waliojaa ni askari Waafrika pamoja na watu wa Gongo Lutete, ambaye hapo awali alikuwa mtu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake Kasongo. Tarehe hiyohiyo, miaka 105 baadaye, kampuni ya Disney ilifungua huko Florida, Marekani, bustani kubwa ya starehe iitwayo Animal Kingdom, na ndani yake mji wa Waswahili uliobuniwa mezani. Mji huo unaitwa Harambe. Sadfa tu: waliichagua siku hiyo kwa kuwa ni Siku ya Dunia. Lakini mtu wa Maniema akishaisikia, haimtoki kichwani.

Harambe imeiga Lamu. Kiongozi wa wabunifu wake, Joe Rohde, alisafiri hadi Afrika Mashariki na wenzake, wakatazama, wakapiga picha, wakarudi kujenga. Na walijenga kwa ustadi, lazima tuseme. Kuta zilipigwa lipu mpya kisha zikafanywa zionekane zimebanduka, ili mawe ya matumbawe yachungulie. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi Wazulu waliopelekwa kutoka Afrika Kusini. Njiani, saruji ilipokuwa bado mbichi, waliikandamizia majani na magurudumu, mgeni adhani anatembea juu ya udongo uliokauka baada ya mvua. Ukutani pameandikwa Uhuru 1961. (Sisi tuliupata 1960, Wakenya 1963. Mji usiokuwepo una haki ya kujichagulia mwaka.) Kipo kibao cha duka la vinyago na shanga liitwalo Jorodi, lisome kwa sauti na utamsikia Joe Rohde mwenyewe akijificha humo.

Mbele kidogo upo mti mkubwa wa kutengenezwa, na kwenye shina lake wamechongwa wanyama zaidi ya 300. Mmoja wao ni David Greybeard, sokwe wa Gombe ambaye mwaka 1960 Jane Goodall alimwona akivua mchwa kwa unyasi. Gombe ni ng'ambo tu ya ziwa letu la Tanganyika. Jirani yetu, basi, amechongwa Florida, na watu wanasafiri mbali kumtafuta.

Kutafuta ndio mchezo wenyewe. Wapo wageni wanaorudi mwaka baada ya mwaka, wala si kwa ajili ya simba. Wanakagua kuta, vibao na sakafu wakisaka vitu vilivyofichwa na mafundi, hasa duara tatu zinazofanya kichwa na masikio ya panya wao Mickey. Mpwa wangu, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuhamishiwa Marekani, alinitumia video akiwa na watoto wake hapo Harambe. Watoto wanakimbia kutoka ukuta hadi ukuta wakipiga kelele kila wanapokuta neno la Kiswahili. Baba yao anacheka, kisha anauliza swali ambalo sikuweza kumjibu kwa simu: "Mjomba, kwetu kuna nini cha kuwaonyesha hivi?"

Nilipowaeleza rafiki zangu wa kibarazani, wengi walisema hakuna. Kasongo ya kale imeisha, wakasema, na Tongoni, pale ilipokuwa, ni vichaka. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi lile la Dhanis, alichapisha kitabu mwaka 1897, na humo anaeleza walichokikuta. Chumba alichojitwalia kilikuwa na urefu wa futi themanini, mlango wake ukifungukia bustani ya machungwa. Vitanda vilikuwa vya kuchongwa, magodoro ya hariri yakawa ya kulaliwa na askari wa kawaida. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Maghala yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Mashambani palikuwa na mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Ni maneno ya mtu aliyekuja kupora, kwa hiyo tuyasome kwa jicho la pembeni. Mporaji hujua sana kuhesabu mali, lakini hamuulizi mtu nani aliipanda.

Hariri imekwenda. Vitanda vimekwenda. Ila tazama kinachobaki kwa mtu mwenye macho. Miembe ile mikubwa si ya msitu. Mwembe hauoti Maniema bila aliyeuleta, na kokwa ilisafiri kutoka pwani kwa njia ya Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare. Mpunga tunaoutwanga leo ulikuja kwa njia hiyo. Nyumba ya udongo ya pembe nne, yenye baraza mbele, ambayo kila fundi wa Wamaza anaijenga bila kufikiri, nayo ina ukoo. Hata kofia ya mzee anayetoka msikitini Ijumaa. Hakuna aliyevificha vitu hivi, na labda ndiyo sababu hatuvioni.

Baadhi ya watu wameanza kuviona. Watafiti wakiongozwa na Noemie Arazi, wakiwemo Wakongomani, walifanya kazi ya akiolojia Tongoni na kuwauliza wenyeji kumbukumbu zao. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Antiquity. Makala hiyo inasomwa zaidi London kuliko Kasongo, na hilo si kosa la waandishi peke yao.

Ipo pia shajara ya msafiri David Livingstone. Aliugua sana Bambarre, yaani Kabambare yetu, na karatasi zikamwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda ya porini. Ndimo alimoandika mauaji ya sokoni Nyangwe, 15 Julai 1871, siku watu waliokuja kuuza na kununua walipopigwa risasi na wengine kuzama katika mto Lualaba. Wino ulififia hadi maandishi hayakusomeka. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma tena kwa kuzipiga picha kurasa zile chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Hicho ndicho ninachokiita kitu kilichofichika: ukikipata, furaha inakukatikia kooni.

Na hiyo ndiyo tofauti yangu na Harambe. Sina ugomvi nayo. Mji ule unakiheshimu Kiswahili kuliko hoteli nyingi za huku kwetu. Lakini kule kila kitu kimewekwa ili kipatikane, na ukishakipata umemaliza, unapiga picha, unakwenda kula. Wakaazi wake wa kubuni hawakuwahi kufungwa minyororo. Tongoni ukikuta mwembe hujamaliza chochote. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, hakushika jembe. Machungwa ya chumba cha Hinde yalimwagiliwa na mtu, na mtu huyo huenda alinunuliwa, au alitekwa katika kijiji ambacho kingali na jina lake hadi leo, labda kijiji cha bibi yako. Au bibi yako alikuwa mke katika nyumba ile. Au vyote viwili. Maniema ndivyo ilivyo, na familia nyingi za Kasongo hazipendi swali hili mezani.

Kwa hiyo mpwa wangu akija na watoto, nitawachezesha mchezo uleule wa Florida, kwa sheria moja ya nyongeza. Nimeshaieleza kwa walimu wawili wa hapa Wamaza, na mmoja amekubali kuijaribu na darasa lake la tano. Kila mtoto atafute kitu kimoja cha zamani kati ya nyumbani na shule: mti, msingi wa nyumba, shimo lililochimbwa udongo wa kuta, jina la mtaa, kigae. Asilete kitu chenyewe, kibaki pale kilipo. Alete jibu la swali moja aliloliuliza kwa mzee: kazi hiyo ilifanywa na nani? Atakayejibu "Waarabu" na kukaa chini, arudishwe akaulize tena.