Shuka Uzungushe Habu: 4x4 Si Stika

Wasee, tumalize hii story ya kwamba habu za kufunga kwa mkono ni mambo ya wazee. Naisikia kila mahali, kutoka Ruiru mpaka Thika. "Buda, bado unashuka kwa gari kuzungusha kitu kwa gurudumu? Kwani hakuna swichi?" Halafu mvua inanyesha siku mbili, huyo msee wa swichi anaingia Theta, na jioni anatafuta namba ya mwenye trakta.

Kama hujui Theta, iko huku Juja, Kaunti ya Kiambu. Thika Road ni lami safi, lakini ukikata kona uende ndani unakutana na udongo mweusi, ule ambao ukijenga lazima uuchimbe na uutoe kwanza. Ukikauka unapasuka. Ukilowa unashika tairi mpaka inakuwa laini kama chapati. Hapo maandishi ya 4x4 kwa mlango hayakusaidii na kitu.

Sasa tuelewane vile hii kitu inafanya kazi, juu wengi wanabishana na hawajawahi kuishika. Kwa gari ya hizi habu, angalia katikati ya gurudumu la mbele. Kuna kiduara kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu linajizungukia peke yake na shafti ya ndani imetulia. Ukikipeleka LOCK, gurudumu na shafti vinashikana. Unafanya hivyo pande zote mbili, halafu unarudi ndani na kuvuta ile gia fupi kutoka 2H kwenda 4H, au 4L kama mahali ni pabaya sana. Ni hatua mbili, na moja bila nyingine ni bure.

Hapa ndipo watu wanaaibika. Dereva anavuta gia, taa ya 4x4 inawaka kwa dashibodi, anajiona simba. Lakini habu ziko FREE. Kwa gari nyingi hiyo taa inakuambia tu kwamba gia fupi imeingia, haijui chochote kuhusu gurudumu. Propela ya mbele inazunguka, shafti zinazunguka, lakini magurudumu ya mbele hayapati nguvu hata kidogo. Ya nyuma yanachimba kaburi. Na dereva anashuka akisema, "Hii gari ni takataka." Gari haina shida, boss. Hukuifunga.

Najua mtaniuliza, nani anataka kushuka kwa matope na viatu vyeupe? Hakuna mtu alikuambia ushuke kwa matope. Funga habu ukiwa bado kwa lami, kabla ya kukata kona. Ukiendesha na 2H huku habu zimefungwa, huharibu kitu. Utakula mafuta kidogo zaidi na usikie mlio kidogo, basi. Msimu wa mvua unaweza kuziacha hivyo siku nzima, na ukihitaji 4x4 unavuta gia tu. Kwa hivyo hiyo sababu ya viatu imekufa.

Hata zile habu za kujifunga zenyewe si miujiza. Nyingi zinajifunga ukienda mbele na 4x4 imeingia, na zinajifungua ukirudi nyuma kidogo na 2H. Sasa fikiria umekwama, unaenda mbele, unarudi nyuma, ukijaribu kutoka. Zikiwa zimechakaa au zimejaa uchafu, zinaweza kuachia hapo hapo. Ile ya mkono ikishafungwa, imefungwa mpaka uifungue wewe. Na ikigoma, fundi wa jua kali anaifungua kwa spana, anaisafisha, anaipaka grisi na kuirudisha. Mota ya umeme ikikufa ndani ya ekseli, utasubiri spea na bili itakufanya uuze simu.

Hii teknolojia imejithibitisha zamani. Kampuni ya Warn ilianza kule Seattle, Marekani, mwaka wa 1948, ikitengeneza hizi habu za kufungia jeep zilizobaki baada ya vita, ndio ziweze kwenda barabarani bila kuzungusha vyuma vya mbele bure. Na Thika yetu si mgeni wa hizi gari. Kiwanda cha KVM, ambacho kilianza kwa jina la Leyland, kiliunganisha Land Rover hapo hapo mjini. Tunaishi kando ya hiyo historia na bado tunaogopa kiduara cha kuzungusha.

Lawama inaanza na sisi wa content. Mtu anaweka 4H kwa lami kavu ya Thika Road ndio video ipendeze. Kwa gari za aina hii, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na kwa kona zinataka kwenda umbali tofauti. Kwa matope tairi zinateleza kidogo na kila kitu kinaachia. Kwa lami kavu haziwezi, vyuma vinajikaza mpaka usukani unakuwa mzito na kitu kinaweza kukatika. Likes elfu moja, difu imeenda.

Na shule za udereva? Ile niliyosomea ilinifundisha kusukuma kigari cha kuchezea kwa ubao wa mji wa plastiki. Siku hata moja hakuna aliyetuinamisha kwa gurudumu. Halafu kijana wa miaka 21 anaandikwa kazi ya kubeba maziwa au mawe ya machimbo, anapewa funguo ya pickup, anakwama siku ya kwanza, na boss anakata pesa ya trakta kwa mshahara wake. Hiyo ni dhulma. Mbaya zaidi ni siku mzigo ni mama mjamzito anayekimbizwa hospitali saa nane usiku.

Niliacha chuo, kwa hivyo mtu asiniambie hii ni elimu ya chini. Kujua kitu kinachokufikisha ni elimu.

Wiki hii, kabla mvua ianze, tafuta pickup yoyote yenye hizo habu. Omba mwenyewe kwa heshima akuonyeshe. Zungusha kwa mkono, usitumie koleo, utavunja kiduara. Ikigoma, sogeza gari mbele na nyuma kidogo ujaribu tena. Hakikisha pande zote mbili zinasoma kitu kimoja. Na kama ni gari yako, ifunge na uiendeshe na 4x4 kwa murram angalau mara moja kwa mwezi ndio oili ifike mbele.

Ni dakika tano. Trakta ya Theta haina bei ya urafiki.