Itengeni meza ya kilimo hai Kariakoo

Mama anayeniuzia mboga hapa Mbagala ameshayazoea maswali yangu: mchicha huu umetoka wapi, umemwagiliwa maji gani, umepigwa dawa lini? Haudhiki, maana binti yake nilimfundisha kemia na tunaheshimiana. Ila jibu lake ni lile lile. "Mwalimu, mimi nauchukua Temeke Stereo alfajiri. Anayeniuzia naye kauchukua kwa dalali. Shamba lenyewe sijawahi kulitia machoni."

Jibu hilo ni la kweli, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5. Wengi wetu tunakula mboga ambayo si muuzaji wala mnunuzi anayejua imekulia wapi. Tunaulizana bei, tunaulizana kama ni mbichi, basi. Jiji linaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, tena kwa gharama ndogo: katika kila soko la umma, kuanzia Kariakoo, itengwe meza ya mazao ya kilimo hai, na kwenye kila tenga paandikwe jina la kijiji na tarehe ya kuvuna.

Wenye uwezo wameshajitafutia njia. Ukienda Masaki au Mikocheni utakuta maduka ya vyakula vya afya yamepanga unga wa mlonge, unga wa ubuyu, mbegu za chia na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto. Sina ugomvi nayo. Mtu anayejali anachokula namheshimu, na nawajua wenye maduka wanaonunua moja kwa moja kwa wakulima wadogo. Lakini mlonge unaota uani kwa watu Chanika, ubuyu na ukwaju vinashushwa Kariakoo kwa magunia, na ulezi unapimwa kwa kibaba Tandika. Chakula chenyewe tunacho. Tunachokosa, masokoni na hata katika baadhi ya maduka hayo, ni ushahidi. Nimegeuza pakiti nyingi nyuma nikakuta picha ya jani la kijani na ahadi kwamba kilichomo ni cha asili, bila kutajwa nani amelikagua shamba.

Ushahidi unapokosekana, kila mtu hujitungia wake. Tazama asali. Mnunuzi anachovya njiti ya kiberiti kisha anaiwasha, anadondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama, au anaangalia kama sisimizi wanaikwepa. Nimefundisha kemia miaka mingi, na napenda wasomaji walijue hili: hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachothibitisha kitu. Njiti inawaka pale maji yanapokuwa machache, na sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito nayo ina maji machache. Tone linazama kwa uzito wake, na shira nzito itazama vilevile. Sisimizi hufuata utamu, hata wa asali safi. Wakati huohuo watu wanaikataa asali nzuri ya Tabora kwa sababu imeganda chembechembe chini ya chupa, kumbe asali halisi huganda hivyo yenyewe. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi kuwa laini.

Mafuta ya alizeti nayo yana hadithi yake. Yale yanayokamuliwa Singida na Dodoma ni mazuri na nayapenda, lakini yakikaa siku nzima juani kando ya barabara ndani ya chupa nyeupe yanachacha. Nunua kwa anayeyaweka kivulini, na ununue ya kutosha wiki chache.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yale hayakuhitaji kupigwa dawa yoyote ya kiwandani ili yaue. Sumu ile hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyoanikwa chini au kuhifadhiwa kabla haijakauka sawasawa, na moto wa kusongea ugali hauiondoi. Nawahimiza watu wale dona kwa sababu pumba na kiini vina virutubisho ambavyo sembe imevipoteza. Lakini sumukuvu hukaa sana huko huko kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Kwa hiyo anayekula dona hana budi kuwa mkali kuliko mla sembe: achague mahindi yake mwenyewe, atoe punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, apeleke mashine kiasi cha siku chache. Akinunua dona iliyokwisha kusagwa, hawezi tena kuziona punje hizo. Ndiyo maana sisemi tutafute vya asili tu. Nataka vya asili vilivyokaguliwa.

Sasa turudi kwenye mchicha, maana ndio mboga ya kila nyumba. Mboga za majani hunyauka upesi, kwa hiyo nyingi tunazokula hulimwa humu humu jijini, mabondeni, penye maji. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya makazi na viwanda, unamwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda. Mwaka 1999 wanakemia wawili, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima madini manne: kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na baadhi ya mboga zilikutwa na viwango vinavyozidi vile vinavyokubalika. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi, na mwanawe analishwa mchicha ambao bado hakuna aliyemwambia umetoka wapi.

Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Kadimiamu hulundikana kwenye figo kwa miaka. Mama wa nyumbani atasema anaosha mboga kwa maji mengi na chumvi, na namsifu kwa hilo, kwa sababu kuosha kunaondoa udongo, vumbi na vijidudu. Lakini madini yaliyokwisha kunyonywa na mizizi yamo ndani ya jani. Hayaoshwi na hayachemki yakatoka.

Nyanya ni habari nyingine. Hizi husafiri, zinatoka Ilula, Lushoto, Morogoro, zimepangwa kwenye matenga ya mbao. Zitazame vizuri karibu na kikonyo, mara nyingi utaona unga mweupe au wa kibuluu. Hiyo ni dawa ya ukungu. Kibandiko cha kila dawa kinataja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, lakini mkulima anayechuma kila wiki na kuogopa mvua isimletee ukungu hupiga leo, na gari la dalali likifika kesho kutwa anachuma. Simlaumu peke yake. Dalali haulizi tarehe, mimi na wewe hatuulizi, na bei ni ile ile kwa aliyesubiri na asiyesubiri. Unga ule wa juu utaupunguza kwa kuosha chini ya maji yanayotiririka huku ukisugua kwa kiganja. Dawa zile zinazoingia ndani ya mmea hutaziona wala hutaziosha.

Je, kuna wanaolima vinginevyo? Wapo wengi, na hapa ndipo roho inaponiuma. Tanzania imekuwa ikiuza nje mazao ya kilimo hai yenye vyeti kwa miaka mingi: kakao ya Kyela, pamba ya Meatu, kahawa, viungo vya Zanzibar. Kwa mnunuzi wa Ulaya tumeweza kumwonyesha shamba, mkulima, daftari la mbolea na jina la mkaguzi. Mengi ya hayo yanapita bandarini kwetu, umbali wa dakika chache tu kutoka kwenye meza ambayo muuzaji wake hajui mchicha umetoka mto gani.

Hata vyombo vya kazi tunavyo. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai na alama yake, Kilimohai, inayoruhusiwa kubandikwa kwenye bidhaa iliyothibitishwa. Cheti cha soko la nje ni ghali, mkulima wa robo eka ya mboga hawezi kukilipia. Lakini kuna mfumo shirikishi wa uhakiki: wakulima wanaungana kwenye kikundi, wanakubaliana masharti, wanakaguana mashamba na kuandika walichokikuta. Akidanganya mmoja, kikundi kizima kinaaibika, kwa hiyo jicho la jirani linakuwa kali. Huko Morogoro, Janet Maro na wenzake walianzisha Sustainable Agriculture Tanzania mwaka 2011, na wakulima wa milima ya Uluguru wamefundishwa kutengeneza mboji, kubadilisha mazao shambani, kutumia mwarobaini dhidi ya wadudu. Mazao ya aina hiyo yanauzwa Morogoro mjini. Morogoro wameweza, na wao si matajiri kutuzidi.

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na limejengwa upya kwa fedha nyingi za umma. Jengo jipya ni nafasi ya kuanza utaratibu mpya. Meza ninayoisema haihitaji marumaru. Inahitaji kivuli, maji safi ya kunyunyizia, mzani uliopimwa, na ubao. Kwenye ubao yaandikwe mambo manne: kikundi, kijiji, tarehe ya kuvuna, maji yaliyotumika. Mboga ziuzwe kwa mafungu, kama kawaida yetu, si kwa vifurushi vya plastiki, ili mwenye shilingi 500 aondoke na mboga kama mwenye gari.

Nitaulizwa udanganyifu utazuiwaje, maana haitapita wiki kabla mtu hajaleta mchicha wa bondeni na kuupanga pale. Swali ni la haki. Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Wachukue sampuli kwenye meza hiyo bila taarifa, mara chache kwa mwaka, na majibu yabandikwe pale pale kwenye ubao, mazuri na mabaya. Fedha zipo. Mama wa genge analipa ushuru tangu nianze kununua kwake, na sijaona ukimrudia kwa namna yoyote inayomsaidia kunijibu maswali yangu.

Kuhusu bei, sitaki kumdanganya msomaji. Huenda fungu likazidi kidogo, kwa sababu palizi ya jembe inachosha na mboji inachukua miezi. Lakini mkulima huyo hanunui dawa wala mbolea ya dukani, na akiuza kwa meza moja kwa moja, sehemu ya dalali inabaki kwake. Nafikiri tofauti itakuwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Na kama wanunuzi wataona kwamba fungu lenye jina la kijiji linaisha kabla ya saa nne, wauzaji wengine wataanza kuwauliza madalali maswali yale yale ninayouliza mimi.

Usafiri nao si kisingizio tena. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na stesheni ya Dar es Salaam haiko mbali na Kariakoo. Shirika la Reli likitenga nafasi ya matenga katika safari ya asubuhi, mboga iliyochumwa Uluguru alfajiri itakuwa mezani kabla ya watu kuanza kupika cha mchana.

Halmashauri huanza kupanga bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata mapema, na diwani wa kata yako anajulikana anakoishi. Mimi wa kwangu nimeshamwandikia barua ya ukurasa mmoja yenye mambo hayo manne ya ubaoni na makadirio ya gharama za meza, bomba na ubao. Andika na wewe ya kwako, ipelekeni kama majirani kadhaa ili isiwe barua ya mtu mmoja, na mwombeni aisome kikaoni, iingie kwenye kumbukumbu.