Anayetibiwa Uraibu Bado ni Mtu Mwenye Haki

Kila tarehe 26 Juni, Umoja wa Mataifa huadhimisha siku mbili kwa pamoja: ile ya kupiga vita matumizi na biashara haramu ya dawa za kulevya, na ile ya kuwaunga mkono wahanga wa mateso. Katika mimbari zetu ya kwanza hutajwa. Ya pili ni nadra kusikika. Twadhani zafaa kutafakariwa pamoja, kwa sababu ziko nyumba ambamo zinakutana.

Tunazungumzia nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi. Nyingi zilianzishwa na waraibu waliopata nafuu wenyewe, nazo zimewarudisha nyumbani vijana ambao ndugu zao walikwisha kuwakatia tamaa. Hilo lisemwe kwanza, tena kwa shukrani. Hata hivyo, sisi wachungaji husikia pia habari za kijana aliyefungwa kamba na kupakiwa garini usiku, za viboko vinavyopewa jina la nidhamu, za kufuli lisilofunguliwa kwa miezi. Mara nyingi aliyeomba hayo ni mzazi. Hatumhukumu mama ambaye mwanawe ameuza hata masufuria ya jikoni. Lakini uchovu wake, ambao ni wa kweli, haumpi mtu yeyote mamlaka ya kumtesa mwanawe.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kwa namna inayomdhalilisha. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu asifungiwe nje ya utaratibu wa sheria. Hakuna palipoandikwa kwamba teja hahusiki. Mwezi Machi 2012, mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalizitaka nchi zifunge vituo vinavyowazuilia watumiaji wa dawa za kulevya kwa lazima. Nao Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika *Gaudium et Spes* namba 27, walikwisha kuhesabu mateso na vifungo vya kiholela miongoni mwa mambo yanayomwaibisha zaidi anayeyatenda kuliko anayetendewa.

Mgonjwa ana haki pia ya kutibiwa na anayejua tiba. Arosto ya heroini ni mateso makali. Ya pombe kwa mlevi wa miaka mingi yaweza kuleta degedege na kifo. Kumfungia mtu huyo chumbani na ndoo ya maji, bila mganga, ni kumhatarisha. Tena aambiwe ukweli huu kabla ya kutoka: baada ya miezi ya kuacha, mwili hauhimili tena kipimo cha zamani, na anayekirudia siku ya kwanza aweza kufa. Kumficha mgonjwa jambo hilo ni kosa zito.

Njia nyingine ipo. Tangu Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, mraibu wa heroini hufika, hunywa methadoni mbele ya mhudumu, kisha hurudi kwake. Kesho anakuja tena kwa miguu yake mwenyewe. Wapo waamini wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Tunawasihi wawasikilize madaktari kabla ya kumtoa mtu katika dawa inayomsimamisha.

Neno moja kwa nyumba zinazoendeshwa na watu wa dini, zetu zikiwamo. Sala ni mwaliko. Kijana Mwislamu asilazimishwe rozari ili apewe chakula, na majibu ya kipimo chake cha virusi vya UKIMWI yasigeuzwe kuwa ushuhuda mbele ya wenzake.

Msamaria Mwema hakumwacha majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kusahau. Alilipa, akaahidi kupita tena. Familia nyingi hulipa tu. Kabla ya kukabidhi fedha, ulizeni ni mganga gani anayekuja na lini, nani alimweleza kijana masharti naye akayakubali, na akitaka kuondoka itakuwaje. Mkiambiwa kwamba mwezi mzima hamruhusiwi hata kumwona, ombeni sababu kwa maandishi, na siku hiyohiyo msirudi bila kumwona.