Kuhesabu wadudu nako kuna bei yake

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana na bumu nalo likachelewa. Nimerudi juzi kutoka nyumbani Kilosa, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Nilikuta mahindi ya mama, eka mbili, yamefika magotini. Mama akaniambia, "Mwanangu, chukua bomba ukapige dawa, jirani ameshapiga." Nikamuuliza, kwani wadudu ni wengi kiasi gani? Akacheka. "Wewe umeona nani anahesabu viwavi?"

Hao ni viwavijeshi vamizi, wale wenye asili ya Amerika, walioonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na hapa kwetu 2017. Wakiwa wadogo wanakwangua majani. Wakikua wanajichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao, na huko dawa haiwafikii vizuri. Kwa hiyo suala siyo dawa tu, ni siku gani unaipiga.

Basi asubuhi nikaingia shambani. Sehemu tano, kila sehemu mimea kumi, nachungulia moyo wa kila mmoja. Kati ya 50, mimea 4 ndiyo ilikuwa imeliwa karibuni, yaani asilimia 8. Mwongozo wa CIMMYT na USAID wa mwaka 2018 unamshauri mkulima mdogo afikirie dawa pale mahindi machanga yanaposhambuliwa kufikia kama asilimia 20. Nikamwambia mama tusubiri. Jamani, usiku huo sikulala! Shamba hilo ndilo linalonilipia chumba hapa mjini. Nikikosea, aibu ni yangu, njaa ni ya mama.

Jumamosi iliyofuata nikakuta 12 kati ya 50, asilimia 24. Siku hiyo hiyo tukapiga. Mpaka naondoka, jirani alikuwa ameshapiga mara tatu, sisi mara moja.

Sasa msidhani nimekuja kuhubiri. Tunaambiwa "kagua shamba lako kila wiki" kana kwamba ni bure. Siyo bure! Kupiga dawa mara moja kulitugharimu 39,000, chupa pamoja na kibarua. Kukagua kulinichukua masaa mawili, ambayo kwa bei ya kibarua kijijini kwetu ni kama 3,000. Kwa wiki nane ni 24,000. Ukiokoa upigaji mmoja tu usio wa lazima, hela yako imerudi na chenji juu. Ila msimu wa wadudu wengi utalipa vyote viwili, faida yako ikiwa ni kupiga kwa wakati.

Na ukikagua halafu ukapiga kwa sababu jirani amepiga, umepoteza asubuhi yako. Ni sawa na mwalimu anayetoa jaribio kila Ijumaa, Jumatatu anaanza mada mpya bila kuangalia nani amefeli. Jaribio lisilobadilisha kitu ni kuchosha watoto tu.

Tena masaa hayo ni ya nani? Mimi niko chuo. Mama anachota maji, anapalilia, ana mjukuu mgongoni.

Huko huko Kilosa, miaka ya 2000, vijiji vilijaribu kitu kwa ajili ya viwavijeshi wale wa siku zote: mtego wa nondo wenye harufu ya kuwavutia, kipimo cha mvua, na mwanakijiji aliyechaguliwa kuhesabu kwa niaba ya wote. Naupenda mpango ule kwa sababu mzigo haukumwangukia kila mtu peke yake. Lakini mtego unakwambia nondo wamefika, haukwambii shamba lako limeliwa kiasi gani. Lazima uende ukaone mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Kijiji kiwe na mtego, na anayeusoma alipwe kitu, maana asiyelipwa akichoka tutamlaumu bure. Mtego ukinasa nondo, majirani watano wakaguliane mashamba kwa zamu, hasa mahindi yakiwa bado machanga. Mama hatakuwa na masaa mawili kila wiki, lakini asubuhi moja kwa zamu anaweza.

Naomba kuwasilisha. Nimemwachia mama daftari na kalamu, jana amenipigia simu: mimea 3 kati ya 50. Eti siku hizi jirani naye anauliza tunahesabuje.